Je, Kuvuta Maji ya Visima Kunaweza Kuzamisha Mji?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba mwaka 2019 Indonesia ilitangaza kuhamishia makao makuu yake kisiwa cha Borneo, na kwamba sababu mojawapo ni kuzama kwa Jakarta. Je, ni bahari inayopanda au ni ardhi inayoshuka? Mtaani kwetu karibu kila nyumba ina kisima, nasi tuhofu? – Msomaji, Dar es Salaam.

JIBU: Ni yote mawili, ndugu msomaji, ila Jakarta ardhi inashuka upesi kuliko bahari inavyopanda, na baadhi ya maeneo ya kaskazini mwa mji yametitia kwa takriban mita 4 tangu miaka ya 1970. Udongo ulioletwa na mito hujishindilia wenyewe, na majengo huuongezea mzigo, lakini sababu kubwa ni maji yanayovutwa kwa pampu.

Maji yaliyojaa ndani ya matabaka ya mchanga na mfinyanzi hubeba sehemu ya uzito wa ardhi iliyo juu. Yakivutwa kuliko mvua inavyoyarudisha, uzito huo huziangukia chembe za udongo, nazo hubanana. Mchanga huweza kufutuka kidogo maji yakirudi, bali mfinyanzi uliokwisha kubanwa haurudi ulivyokuwa. Mexico City umejengwa juu ya mfinyanzi wa ziwa la kale, na mnara wake wa Malaika wa Uhuru, uliozinduliwa mwaka 1910, umelazimika kuongezewa ngazi 14 kwa sababu barabara inayouzunguka imeshuka ilhali mnara umesimama juu ya msingi wa kina.

Tokyo inanipa matumaini. Sehemu za wilaya ya Koto zilititia kwa zaidi ya mita 4, lakini sheria za mwaka 1956 na 1962 zilidhibiti uvutaji wa maji kwa viwanda na majengo, viwanda vikapatiwa maji kutoka vyanzo vingine, na kufikia miaka ya 1970 kasi ya kutitia ilikuwa imepungua sana. Hata hivyo maeneo hayo yangali chini ya usawa wa bahari, yakilindwa kwa kuta na pampu. Kwa maoni yangu, kumkataza mwananchi kisima kabla hajafikishiwa maji ya bomba ni dhuluma, na wala hakutafaulu.

Kuhusu mtaa wenu, idadi ya visima peke yake haiamui jambo. Kinachoamua ni unene wa mfinyanzi ulio chini na wingi wa maji yanayovutwa, na wavutaji wakubwa kwa kawaida si wenye nyumba. Pimeni kina cha maji visimani kila kiangazi na kuandika vipimo, kisha mwangalie kama bomba la kisima linazidi kujitokeza juu ya ardhi au kuta zinapata nyufa mpya. Kwa kuwa mko pwani, onjeni maji pia: yakianza kuwa ya chumvi, punguzeni kuvuta na mpeleke taarifa pamoja na vipimo vyenu katika Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, ambayo ndiyo inayotoa vibali vya kutumia maji hayo.