Barua kwa Neema: lipieni kipande cha usiku tu

Mwanangu Neema,

Marahaba. Salamu zako na za mkwe wangu tumezipokea, na wajukuu tumewaona kwenye picha, Baraka amerefuka kweli. Huku mvua zimeanza, Uyole watu wako mashambani toka alfajiri.

Niingie kwenye swali lako. Unasema shirika linataka pauni 32 kwa kila kiti kutoka London hadi Ghuba, mnakobadilisha ndege, na pauni 22 kutoka Ghuba hadi Dar, mkitaka kuchagua mtakapokaa. Kwa viti vitatu, kwenda na kurudi, hesabu inafika pauni 324, na mnataka kujua kama hela hiyo itoke au ibaki mfukoni kwa ajili ya sikukuu. Jibu langu ni kwamba msilipie safari nzima. Kama ni kulipa, lipieni kile kipande kirefu cha usiku, na hata hicho msikilipie kabla ya kupiga simu moja nitakayokueleza hapa chini, maana inawezekana mkapata mstari mzima bila kutoa hata senti.

Mjue kwanza mnachouziwa. Kiti mnacho tayari, kimo ndani ya nauli. Wewe una chako, mumeo ana chake, Baraka kwa miaka yake minne ana chake, na Amani wa miezi tisa atapakatwa. Hela ya ziada inanunua nafasi ya kuchagua mapema, basi. Hainunui uhakika. Soma masharti ya shirika lolote utaona wameandika kuwa wanaweza kukuhamisha kwa sababu za usalama au za uendeshaji, hata kama umelipa. Ndege ikibadilishwa siku hiyo, mpangilio wa viti unabadilika nao, na namba uliyolipia inaweza isiwepo kabisa. Hapo unachoweza kudai ni kurudishiwa ada yako, zaidi ya hapo usitegemee.

Najua hofu yako kubwa ni Baraka kukaa peke yake katikati ya watu msiowajua. Hilo lisikutoe usingizi. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza imeyaelekeza mashirika yalenge kuwakalisha watoto mstari mmoja na wazazi wao, na ikishindikana, wasitenganishwe kwa zaidi ya mstari mmoja. Kompyuta ya shirika inapogawa viti bure, ikiona mtoto na watu wazima kwenye bukingi moja, kwa kawaida inambandika mtoto kwa mzazi mmoja. Anayetupwa mbali ni mzazi wa pili. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: je, mumeo akikaa mistari kumi nyuma yenu, mtaumia? Mchana, saa tano za kutoka Ghuba hadi Dar, hamtaumia. Baraka ataangalia katuni na Amani mtapokezana. Usiku ni jambo jingine, kwa sababu mtoto mchanga amelala mikononi mwako, wa miaka minne anataka chooni, na huna wa kumwachia. Hapo ndipo hela ina kazi.

Ila yote hayo yanategemea mko kwenye bukingi moja. Msikate tiketi mbili mbili kwa kadi tofauti ili kugawana gharama, maana mkishakuwa na namba mbili za bukingi, kompyuta haijui kama ni familia. Wifi yako akijiunga nanyi na bukingi yake mwenyewe, mpigie simu shirika waziunganishe, uombe waandike maelezo kwenye zote mbili. Na kwa kuwa naye ana mchanga, jueni kabisa kwamba watoto wawili wa kupakatwa hawaruhusiwi kukaa kwenye fungu moja la viti, yaani viti vilivyoshikana bila ujia katikati. Juu ya kila fungu kuna barakoa za oksijeni zenye ziada moja tu kwa kawaida, kwa hiyo viti vitatu vina barakoa nne, si tano. Mkilipia viti vitatu vya pamoja na wachanga wawili, mtahamishwa mlangoni. Afadhali akae ng'ambo ya ujia.

Sasa ile simu. Mkishalipia tiketi, kwenye hatua ya kuchagua viti rukeni, mwendelee hadi mwisho. Wavuti zimepangwa ili uone kama ukiruka utakosa pa kukaa, lakini kiti unaweza kukilipia hata baada ya tiketi kutoka. Tiketi ikitoka, siku hiyohiyo piga simu uombe kitanda cha mtoto, kile kidogo kinachopachikwa kwenye ukuta wa mbele ya viti. Mashirika mengi hayakitozi, ila viko vichache kwenye ndege nzima na Desemba vinagombewa. Watakuuliza uzito na urefu wa Amani. Vitanda vingi huishia kilo 10 au 11, kwa hiyo mpime kabla ya kupiga, usikisie. Ukikubaliwa, mwambie huyohuyo aliye kwenye simu: naomba mtoto wa miaka minne na baba yake wakae mstari huohuo. Wana uwezo wa kuwapanga, kwa sababu viti vya ukutani mara nyingi wanavifungia kwenye ramani ili wavigawe wao.

Mahali hapo pana ubaya wake, nisikufiche. Meza za kulia chakula zimefichwa ndani ya vishikio vya mikono, kwa hiyo vishikio havinyanyuki na Baraka hataweza kujinyoosha kwenye viti viwili. Begi dogo halikai miguuni ndege ikipaa na kutua, kwa hiyo nepi na chupa mtazitoa kabatini juu. Na taa ya mikanda ikiwaka kwa sababu ya misukosuko ya hewa, Amani lazima atolewe kitandani apakatwe, hata kama ndiyo kwanza amesinzia. Hata hivyo mimi ningekichukua. Saa saba na kilo tisa mikononi ni nyingi.

Wakikwambia vitanda vimeisha, hapo ndipo mlipe zile pauni 96 za London hadi Ghuba, na 96 nyingine za Ghuba hadi London wakati wa kurudi, kama nacho ni cha usiku. Vya Dar viacheni. Jumla yake itakuwa 192 badala ya 324.

Mnapochagua, angalieni aina ya ndege iliyoandikwa kwenye bukingi. Boeing 777 nyingi daraja la kawaida wamepanga tatu, nne, tatu: A B C, halafu D E F G, halafu H J K. Nyie chukueni fungu la dirishani, ABC au HJK. Mkikaa watatu hapo, hakuna mgeni wa kuwaruka usiku kwenda chooni, vishikio vinanyanyuka, na Baraka akiwekwa dirishani hana pa kutokea. Kwenye A350 au 787, ambazo kwa kawaida ni tatu, tatu, tatu, fanyeni vivyo hivyo. Airbus A330 huwa mbili, nne, mbili, na hapo watatu mnakaa katikati, mtu wa nne akiwa mgeni, kwa hiyo mmoja wenu akae ujiani na mwingine pembeni ya huyo mgeni, mtoto katikati yenu.

Msinunue mstari wa mlango wa dharura hata kama miguu ya mumeo ni mirefu. Mtoto haruhusiwi pale, wala anayepakata mtoto. Mstari ulio mbele yake mara nyingi haulali nyuma, na ule wa mwisho kabisa uko jirani na choo, mtu na mtu wanasimama hapo usiku kucha.

Kuna watu watawaambia nunueni cha dirishani na cha ujiani, mwache cha kati, hakuna atakayekichukua. Mwezi Machi inaweza kufaulu. Wiki moja kabla ya Krismasi ndege zimejaa, na huyo mgeni atakuja tu. Tena msiiamini ramani inayoonyesha viti vingi wazi: walio wengi hawajachagua, wanasubiri bure kama mtakavyosubiri nyie.

Kusubiri bure kuna saa yake. Mashirika mengine hufungua kucheki-in mtandaoni, yaani kuthibitisha safari na kupewa viti, saa 24 kabla, mengine saa 30, mengine 48. La kwenu limeandikwa kwenye masharti ya tiketi. Weka kengele ya simu kwa saa hiyo hasa, kwa saa za London mnapoondokea. Kama ndege inaruka saa 2 usiku na wanafungua saa 48 kabla, saa 2 usiku ya siku mbili nyuma uwe na simu mkononi na pasipoti zote mezani. Kwa tiketi moja inayounganisha ndege mbili, kwa kawaida mnacheki zote kwa pamoja, kwa hiyo viti vya Dar mtavipata hapohapo bure. Ukichelewa nusu siku, viti vitatu vya pamoja utavitafuta usivione.

Mkilipia, tunzeni risiti ya viti. Ni hati ya peke yake yenye namba ya tarakimu 13, tofauti na namba ya tiketi, na bila hiyo kudai kurudishiwa kunakuwa kazi. Ratiba ikibadilishwa hata kwa dakika kumi, ingia ukague viti, maana mabadiliko ya ratiba hupenda kuvifuta kimyakimya. Na kama kipande kimoja kinarushwa na shirika jingine kwa namba ya ndege ya shirika lenu, uliza namba ya bukingi ya upande wa pili, kwani kiti kilicholipiwa huku si lazima kionekane kule.

Picha ya tiketi usiitume kwenye grupu la ukoo. Jina la ukoo na namba ya bukingi vinatosha mtu kuingia na kubadilisha viti vyenu, hata akiwa anachezea tu.

Sasa kipande cha Dar hadi Songwe, uwanja wetu wa ndege huku Mbeya. Hapo msitoe hela ya kiti kabisa. ATCL, shirika la ndege la Tanzania, inaweza kuleta Airbus A220, ambayo ina viti viwili upande wa kushoto na vitatu kulia, au ile ya pangaboi, Q400, yenye viwili viwili. Ukichagua vitatu vya pamoja kwenye A220, halafu ikaja Q400, mpango wote umevunjika. Kwenye ndege ndogo vilevile mhudumu anaweza kuwaomba watu wahamie mbele au nyuma ili kusawazisha uzito, mkubalieni. Mkifika mezani mapema Dar, mwambieni mna mtoto, watawapanga. Ukiweza ombea Baraka dirisha la kushoto, aone mlima Rungwe, kama mawingu ya Desemba yatakubali.

Hela mtakayookoa iwekeni kwa mizigo. Tiketi ya London huenda ikawaruhusu mabegi mawili kila mmoja, lakini tiketi ya ndani mkiikata peke yake ina kilo zake, mara nyingi 23, na ziada inalipiwa hapohapo mezani. Someni idadi ya kilo iliyoandikwa kwenye kila tiketi kabla ya kufungasha. Tena kwa tiketi mbili tofauti, mabegi mtayachukua Dar wenyewe, mpite forodha, mcheki upya, na ndege ya kwanza ikichelewa ile ya pili haiwasubiri. Songwe nako mawingu yakishuka ndege huchelewa au hughairiwa. Laleni Dar usiku mmoja, mpande asubuhi.

Mpime Amani leo, unitumie uzito na tarehe za safari, niangalie ndege za Songwe kabla hazijajaa.

Mama yako
Mbeya