Paka wako hana jini, dada yangu

Dada wa Mishomoroni, Mombasa, ameuliza mambo matano kuhusu paka wake jike. Usiku hukodolea ukuta mtupu. Akinusa kandambili hubaki mdomo wazi, uso umekunjamana. Kabla ya adhana ya alfajiri hupiga mbio chumba hadi chumba. Humkanda mtoto tumboni. Na halua ikiachwa wazi, huilamba. Jirani kamwambia paka huyo ana jini, akamtupe Kongowea sokoni.

Nakuomba usimtupe. Mimi nimelelewa Kibokoni, nyumba ya kuta za mawe ya matumbawe na dari la boriti, na hatujawahi kukaa bila paka. Yote uliyoyataja nimeyaona kwa paka wetu, na yote yana maelezo.

Nianze na ukuta, maana hapo ndipo maneno ya jini yanapoanzia. Sikio la mwanadamu hukomea kwenye sauti ya mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, na kadiri tunavyozeeka ndivyo linavyopungua. La paka hupita 60,000. Baina ya hapo na pale mna sauti chungu nzima zisizotufikia, na panya huzungumza humo humo. Vitoto vya panya vikimlilia mama yao hutoa sauti nyembamba ambayo wewe umelala kitandani huisikii hata kidogo, na paka aliyekaa chini yako anaisikia vizuri. Tena kila sikio lake hugeuka peke yake kutafuta sauti inatoka wapi. Kwetu kulikuwa na paka aliyekuwa akikaa mbele ya pembe moja ya ukuta jioni baada ya jioni, bibi yangu akisoma aya na kumpulizia. Fundi alipokuja kubandua chokaa iliyooza pembe ile ile, akakuta tundu limejaa matambara na vipanya vyekundu visivyo na manyoya. Bibi aliendelea kusoma aya zake, na paka akaendelea kupewa vichwa vya samaki.

Macho yanayong'aa gizani nayo yana sababu. Nyuma ya jicho la paka mna tabaka linalorudisha mwanga, upite mara ya pili penye chembe za kuonea. Kwa hiyo hutosheka na mwanga kama moja ya sita ya tunaouhitaji sisi. Ukimmulika na tochi ya simu, unachokiona ni mwanga wako mwenyewe unaorudi.

Majini yametajwa katika dini na sibishani nalo. Lakini dini hiyo hiyo inatufundisha, katika Hadithi ya Abu Qatada, sahaba wa Mtume, kwamba paka si najisi, ni katika wale wanaotuzunguka majumbani. Mnyama wa namna hiyo hatupwi sokoni kwa neno la jirani. Paka aliyezoea nyumba akiachwa Kongowea hukutana na mapaka shume waliogawana kila kipenu, na wengi huishia na vidonda au chini ya magurudumu ya tuktuk.

Sasa uso wa kandambili. Umewahi kumtazama beberu akinusa mkojo wa mbuzi jike, kisha akainua kichwa na kuukunja mdomo wa juu? Jambo ni lile lile. Kwenye kaakaa la paka, nyuma tu ya meno ya mbele ya juu, mna vitundu viwili vidogo vinavyoelekea kwenye kiungo kilichoelezwa na daktari wa Denmark, Ludwig Jacobson, mwanzoni mwa karne ya 19, na hadi leo kinaitwa kwa jina lake. Kazi yake ni kupima zile harufu zinazobeba habari za wanyama wengine: nani kapita, dume au jike, yuko kwenye joto au la. Mishipa yake huenda sehemu yake maalumu ya ubongo, mbali na ile ya kunusia kwa kawaida. Ili harufu ifike huko, paka hufungua kinywa na kukunja uso, akatulia kidogo. Ukitoka dukani kandambili zako zimekanyaga vichochoro ambavyo paka wengine wamekojoa, na yeye anazisoma habari za mtaa mzima. Hana hasira wala hachukii harufu ya miguu yako.

Halua ndiyo iliyonifurahisha zaidi katika swali lako, maana paka hajui utamu wa sukari. Mwaka 2005 watafiti wa Monell, kituo cha utafiti wa ladha na harufu huko Philadelphia, Marekani, walionyesha kwamba moja ya jeni mbili zinazohitajika kujenga kionjeo cha utamu ulimini imeharibika kwa paka. Si kwa paka wa nyumbani peke yake, hata simba mkubwa na duma hali ni hiyo. Kwa hiyo anayelamba halua ya Mombasa anafuata samli. Jaribu mwenyewe: mwekee kipande cha muwa pembeni uone kama atakigusa. Usimzoeshe halua lakini, mafuta mengi humharibia tumbo.

Mbio za alfajiri ni saa za kazi. Paka wa nyumbani, kama jeni zao zilivyochunguzwa na matokeo kutolewa mwaka 2007, wanatokana na paka-pori wa Mashariki ya Kati, na mnyama yule huwinda zaidi machweo na mapambazuko, wakati panya na ndege wanapohangaika. Mchana hulala kutwa. Wako analala, nguvu zinajikusanya, hapa mjini hana cha kuwinda, basi zinamtoka ukumbini saa kumi na moja. Dawa yake ninaijua vizuri: baada ya Isha chukua kamba, funga kitambaa, umkimbize nayo mpaka ahemee, halafu ndipo umpe chakula chake kikubwa. Kwa paka, mawindo hufuatwa na kula, kula hufuatwa na kujilamba, na kujilamba hufuatwa na usingizi. Ukiufuata mpango huo utalala mpaka adhana.

Asili hiyo ya nchi kavu yenye jua inaeleza pia kwa nini wakati wa kaskazi sisi tunatafuta kivuli na paka amejitandaza juani kwenye kuta za Fort Jesus. Mwili wake hustarehe kwenye joto la nyuzi 30 hadi 38 za Selsiasi, bila kuhangaika kujipasha wala kujipoza.

Kumkanda mtoto tumboni kama unga wa mahamri ni tabia ya kunyonya. Kipaka hulikanda titi la mama yake maziwa yateremke, na wengi hubaki nayo ukubwani wanapojisikia salama. Isitoshe, kwenye nyayo mna tezi za harufu, kwa hiyo anamtia mtoto alama kwamba ni wa kwao. Mkate kucha ncha tu ili asimparure.

Ukimkuta anakutazama bila kupepesa, fumba macho taratibu, ufumbue taratibu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walitoa matokeo mwaka 2020 kwamba paka hujibu kwa kufumba vile vile, na huwa tayari zaidi kumsogelea hata mgeni anayefanya hivyo. Mimi huwafanyia mapaka wa barazani wasioguswa na mtu, na wengine sasa huja wenyewe.

Hata hivyo, si kila kioja ni cha kuacha. Kutazama ukuta si neno, ila akiubandika paji la uso na kuusukuma bila kuondoka, hiyo ni dalili ya ugonjwa wa ubongo au sumu, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Wenye madume: akichuchumaa mara kwa mara na mkojo hautoki, msingoje kesho, njia imeziba na inaua. Paka mpole akibadilika ghafla, akang'ata ovyo na kutokwa mate, fikirieni kichaa cha mbwa, maana paka naye huambukizwa na kuambukiza. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali kuchomwa chanjo hata kama kidonda ni kidogo. Paka wako mchanje mapema, dada, kwa kuwa una mtoto nyumbani.

Na yeyote atakayekushauri umpe Panadol akionekana mnyonge, mkatalie. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo, na kidonge kimoja kinaweza kumuua.