Presha 134 kwa 87, Niogope au Nisubiri?

SWALI: Dokta shikamoo. Nina miaka 36, fundi simu hapa Kariakoo, nimehamia Dar 2021 nikitokea Rorya. Juzi kati walikuja watu wa kupima bure mtaani nikaambiwa 134 kwa 87, nesi akasema hii bado sio presha ila ujiangalie, sasa kujiangalia ndo kufanyaje? Kijijini mara ya mwisho ilikuwa 118 kwa 76. Mzee wangu alipata stroke akiwa na miaka 58. Uzito umetoka kilo 68 mpaka 79 ila sijioni mnene. Kuna namna ya kujua kama itapanda?

JIBU: Marahaba kijana. Nesi yuko sahihi, presha tunaiita presha kuanzia 140 kwa 90 tena ikijirudia siku tofauti, ila kilichonishtua mimi sio hiyo 134, ni ile 118 ya kijijini. Watu wanauliza sana "nina presha au sina" kama kipimo cha malaria, wakati cha kuangalia ni inaelekea wapi, na wewe umepanda.

Kujua kunawezekana kwa kiasi. Kuna mji Marekani unaitwa Framingham, watu wake wanafuatiliwa moyo na presha tangu 1948, baadaye na watoto na wajukuu. Wakaona wenye umri chini ya miaka 65 waliokuwa kwenye namba kama zako, yaani juu 130 mpaka 139 au chini 85 mpaka 89, ndani ya miaka minne kama 37 kwa kila 100 walikuwa na presha kamili, wakati wale wa chini ya 120 kwa 80 ni kama 5 tu. Kwa hiyo namba yako ya leo yenyewe ndo mtabiri mkubwa. Na uzito ukiongezeka kwa asilimia 5 uwezekano nao ulipanda kwa asilimia 20 mpaka 30, sasa wewe umeongeza zaidi ya asilimia 15, hiyo ya kutojiona mnene tuiache kwanza, pima kiuno.

Mwaka 2008 wakatoa hesabu yao ya kutabiri, wanaweka umri, jinsia, presha zote mbili ya juu na ya chini, uzito kwa urefu, sigara, na kama mzazi ana presha. Hapo kwa mzee ulizia nyumbani, stroke peke yake haitoshi kusema alikuwa na presha, mama atakumbuka kama alikuwa anameza vidonge.

Utaona chumvi haimo kwenye hiyo hesabu, usifurahi. Miaka ya 80 watafiti waliwafuata Wajaluo waliotoka vijijini kando ya ziwa upande wa Kenya, jirani zenu kabisa, wakahamia Nairobi, wakawalinganisha na waliobaki kijijini. Ndani ya miezi tu, sio miaka, presha za waliohama zilikuwa juu zaidi, na mkojo wao ulionyesha sodiamu, ile ya kwenye chumvi, imezidi ukilinganisha na potasiamu, ile ya kwenye mboga na matunda. Sasa nakuona wewe umekaa kwenye kibanda kutwa nzima umeinamia simu za watu, jioni chipsi mayai na ile chumvi ya kunyunyizia juu kabla hata hujaonja, mboga za majani umeziona lini? Shirika la Afya Duniani linasema chumvi isifike gramu 5 kwa siku, ni kama kijiko kimoja cha chai, na humo kuna ya kwenye mkate na viungo vya pakiti pia.

Fanya hivi, kapime tena lakini vizuri. Sio umetoka kugombania daladala jua kali unanyoosha mkono papo hapo. Kaa dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, umeshaenda chooni, na usipige stori na nesi. Andika namba na tarehe kwenye simu, rudia kila baada ya miezi mitatu. Ikigonga 140 kwa 90 siku mbili tofauti nenda hospitali, usisubiri kichwa kiume maana wengi hakiwaumi kabisa.

SWALI: Dokta nilipata presha mimba ya kwanza nikajifungua ikaisha. Nimepona? Mama wa mmoja, Morogoro.

JIBU: Imeshuka dada, ila alama imebaki. Waliopata presha ya mimba ile yenye protini kwenye mkojo wana uwezekano kama mara tatu au zaidi wa kupata presha ya kudumu baadaye, na hili kliniki nyingi hawalisemi, mama anaruhusiwa na mtoto wake basi imeisha. Pima kila mwaka hata ukijisikia mzima. Ukishika mimba nyingine wahi kliniki mapema uwaambie yaliyotokea, wanaweza kukuanzishia aspirini ya dozi ndogo kabla ya wiki ya 20, ila usijinunulie mwenyewe duka la dawa.