Mama ameachishwa dawa ya saikosisi, akaanzishiwa ya kifafa

Swali: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 81, ana demensia (kudhoofika kwa akili na kumbukumbu) na anaishi katika makao ya wazee hapa Marekani. Alikuwa akipewa kwetiapini, dawa ya saikosisi (ugonjwa wa akili wa kupoteza uhusiano na uhalisia), kwa sababu ya kupiga kelele nyakati za jioni. Tumeambiwa kwamba kanuni haziruhusu tena dawa hiyo, hivyo ameanzishiwa valproeti, dawa ya kifafa, ambayo eti “si dawa ya akili”. Kelele zimeisha, lakini sasa anasinzia hata mezani. Je, hivi ndivyo kanuni zinavyotaka?

Jibu: Marahaba. Ulichoambiwa kina makosa mawili, na la pili ndilo linalonikera, kwa sababu nakutana nalo kila mara.

Kanuni hazijapiga marufuku kwetiapini. Tangu sheria ya makao ya wazee ya mwaka 1987, kinachokatazwa ni kumpa mkaazi dawa bila sababu ya kitabibu iliyoandikwa, kwa kipimo kikubwa mno, kwa muda mrefu kupita kiasi au bila ufuatiliaji. Na anayetumia dawa hizi hupaswa kujaribiwa kupunguziwa kipimo hatua kwa hatua, isipokuwa kama hatua hiyo ingemdhuru. Tahadhari hiyo ina msingi. Mwaka 2005 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, baada ya kupitia majaribio 17 ya wazee wenye demensia, ilionya kwamba waliopewa dawa mpya za saikosisi walikufa kwa kiwango cha asilimia 4.5 hivi katika muda wa takriban wiki 10, ilhali kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa kiwango kilikuwa asilimia 2.6. Kumpunguzia mama kwetiapini, basi, huenda ulikuwa uamuzi mzuri.

Kosa lipo katika kilichofuata. Alama za ubora ambazo serikali hutangaza kwa kila makao huhesabu dawa za saikosisi, na valproeti haimo katika hesabu hiyo, kwa hiyo kishawishi cha kuhamisha wagonjwa ni kikubwa. Ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Afya iliripoti mwaka 2022 kwamba kati ya mwaka 2011 na 2019 wakaazi wa muda mrefu waliopewa dawa za saikosisi walishuka kutoka asilimia 31 hadi 22, huku waliopewa dawa za kifafa wakipanda kutoka asilimia 28 hadi 40. Waliopewa angalau dawa moja ya kuathiri akili walibaki asilimia 80 hivi. Mnaona wenyewe mchezo ulivyo. Wasimamizi wa serikali nao waliuona, ndiyo maana miongozo ya wakaguzi inasema kwamba dawa ya kifafa au ya mzio ikitumika badala ya dawa ya akili, itafuata masharti yale yale: sababu, ufuatiliaji na jaribio la kupunguza.

Isitoshe, utafiti haujaonyesha kwamba valproeti hutuliza fadhaa ya demensia. Inachoweza kuleta ni usingizi, mtetemeko, upungufu wa chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda) na kupanda kwa amonia katika damu, na amonia hiyo huleta mkanganyiko ambao watu huudhania kuwa demensia imezidi. Mzee anasinzia mbele ya sahani yake, chakula kinapoa, na faili linaandikwa “ametulia”.

Omba kikao na daktari na mfamasia wa makao. Uliza valproeti imeandikiwa ugonjwa gani, vipimo vya damu vimefanywa lini, na kitu gani kilichunguzwa kabla ya kumwandikia: maumivu, choo kigumu, mkojo uliokwama, au betri ya kifaa cha kusikia iliyokwisha, jambo linalokaguliwa kwa sekunde chache na kusahauliwa kwa wiki nzima. Usikubali dawa ikatishwe ghafla. Una haki ya kuelezwa na, ukiwa mwakilishi wake, kuikataa.

Jamaa nao wana njia zao za mkato. Kuna wanaoleta mfukoni vidonge vya mzio vya kulalia, au chupa za “kurudisha kumbukumbu” kutoka kwa wauzaji wa mtandaoni ambao hawajawahi kumpima mgonjwa hata shinikizo la damu. Vidonge vile vya mzio huzuia asetilikolini, kemikali ambayo ubongo wenye demensia tayari unaikosa. Kama umewahi kumpa mama kitu cha namna hiyo, mjulishe muuguzi leo, ili kiingie katika orodha ambayo mfamasia huipitia kila mwezi.