Usirudi nyumbani na masizi

Miaka yangu ya mwanzo zimamoto, koti kunuka moshi ilikuwa sifa. Nilikuwa nalibeba hadi nyumbani, mke wangu analiloweka kwenye beseni, likitoka zinaingia nguo za mtoto. Na hata nikioga usiku, asubuhi foronya ina doa la kijivu pale shingo ilipolala.

Doa lile lilinitia wasiwasi, nikaanza kusoma. Kumbe mwaka 2022 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliingiza kazi ya kuzima moto kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi moja na sigara na asbesto. Ushahidi wa kutosha ulipatikana kwa saratani ya utando wa mapafu na ya kibofu cha mkojo. Kibofu! Mimi nilidhani moshi ni habari ya kifua tu. Sumu ya masizi hupenya ngozi, shingoni hasa, ikaingia kwenye damu na kuishia kwenye mkojo.

Kwa hiyo, mdogo wangu uliyeajiriwa juzi: moto ukizimika usikimbilie kuvua barakoa. Wakati wa kupekua vifusi ndipo wengi tunajiachia, na gesi bado zipo. Mwagianeni maji na sabuni mkiwa bado na makoti, kisha futa shingo, taya na viganja kabla hujapanda gari. Oga ndani ya saa moja. Kituoni kwetu hakuna mashine ya kufulia. Tuna ndoo mbili na brashi, na koti halitoki getini.

Halafu moyo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2007 ulikuta asilimia 32 ya vifo vya moyo vya askari wa zimamoto waliokuwa kazini vilitokea wakati wa kuzima moto, kazi inayochukua asilimia 1 hadi 5 tu ya muda wao. Unatolewa usingizini na kengele, unabeba mtungi wa hewa, unakauka kwa jasho. Mimi nilipima presha kwa bahati tu, dukani kwa mfamasia: 160 kwa 100, na najiona mzima! Usisubiri ofisi ikupeleke. Pima mwenyewe, kimbia kidogo kila siku, na unywe maji kabla kiu haijakushika.

Vijana wa zamu yangu wakiniona nasugua shingo wananiita bibi harusi, eti napigwa singo. Sabuni yangu lakini wanaiazima.