Farasi kakaa miezi 4 na masika imeingia, nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina farasi wangu huku Kigamboni, dume aliyehasiwa, miaka 12. Tangu Desemba hajapandwa kabisa maana nilikuwa Dodoma kikazi, saisi alikuwa anamtoa kula majani tu basi. Nimerudi Aprili nakuta mvua kila siku, uwanja wa mazoezi umejaa maji. Jumamosi jua likatoka nikampeleka ufukweni, alikuwa na nguvu kweli, tukaenda shoti kama dakika 10 nikajua huyu yuko fiti. Jumapili asubuhi miguu ya nyuma yote miwili imevimba. Nisubiri masika iishe au niendelee? Na kwenye matope haya nimfundishe nini?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza hiyo miguu, kaishike kabla hujasoma mbele. Kama imevimba yote sawasawa, haina joto, ukibonyeza hashtuki na ukimtembeza dakika 15 inapungua, basi ni ya kusimama sana bandani, maji ya mwili yameshuka chini. Lakini kama mmoja una joto kuliko mwenzake, au anachechemea, au ukipapasa nyuma ya mguu chini ya goti anavuta, usimpande, mwagia maji baridi dakika 20 na mpigie daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Na cheki ya mbele pia, kano za mbele ndo zinaumia zaidi kwenye kukimbia.

Alafu hilo neno "yuko fiti" ndo limeniogopesha. Farasi aliyekaa muda anatoka na moto kweli, ila anakudanganya. Moyo na misuli vinarudi ndani ya wiki chache, kano na mifupa vinataka miezi, na ule mchanga mkavu unaozama unazivuta kano vibaya mno. Mi nilishawahi kumrudisha jike mmoja kazini kwa pupa hivihivi, wiki ya 5 tunakimbia na najisifu kwa watu, wiki ya 6 kano ya mguu wa mbele ikaachia, akakaa karibu mwaka mzima na kuruka hakurudi tena. Mpaka leo roho inaniuma, yule mnyama alinipa kila nilichomwomba, mi ndo niliomba vingi.

Kwahiyo hapana, usisubiri. Masika inaenda mpaka Mei, ukimwacha atakuwa na karibu miezi 6 kakaa na jua likitoka utataka kufidia siku zote kwa mkupuo. Mvua hii ndo breki yako. Wiki 3 za kwanza mtembeze tu, anza dakika 20 upandishe taratibu hadi 45, na kutembea kwenyewe iwe kwa kuchangamka sio kujikokota. Wiki ya 4 weka troti, mbio ndogo za mchakamchaka ambazo wazee wanaita kwenda matiti, dakika 1 au 2 alafu unamrudisha kutembea, mara chache tu. Kanta, zile mbio za kati ya troti na shoti, isubiri mpaka wiki ya 7 au ya 8, na shoti isahau kwanza. Wapi? Barabara ya udongo ulioshindiliwa inafaa, na ufukweni nenda maji yakiwa yamekupwa, ukae kwenye ule mchanga wenye unyevu ulioshikamana. Dimbwi ambalo huoni chini yake usipite. Ngurumo zikianza mrudishe, hapo hakuna mjadala.

Kufundisha ndo patamu, maana farasi anajifunza vizuri sana akiwa anatembea. Chukua kipande kidogo kikavu, hata uani, weka miti 3 chini aivuke bila kugonga. Msimamishe kwa kukaa tu vizuri kwenye tandiko bila kuvuta hatamu. Mrudishe nyuma hatua 4, mwondoe mbele. Mguse kwa mguu mmoja asogee pembeni. Mvua ikimwagika kabisa mpe masomo akiwa chini ya mabati, hujampanda, unamshika kamba tu, azoee kukusikiliza juu ya zile kelele. Dakika 15 zinatosha, akipatia mwachie.

Sasa Dar yetu na huu unyevu. Wapo farasi wanaoacha kutoa jasho kwenye joto la hivi, akiwa mkavu huku anahema sana baada ya kazi ndogo, simama, mmwagie maji. Jifunze kuhesabu mapigo chini ya taya: akiwa ametulia ni 28 hadi 44 kwa dakika, na baada ya kazi ndani ya dakika 15 yawe yameshuka chini ya 60, yasiposhuka kesho punguza. Chakula cha nguvu usiongeze kwa sababu tu umeanza kumpanda, majani ndo msingi.

Kwato zisafishe kila siku, ukiona weusi na harufu mbaya kwenye ile nyama ya pembetatu chini ya kwato, banda lako limelowa, badilisha matandazo. Na hili nakuomba sana: saa 11 jioni awe ndani na nyavu zimeshushwa mpaka jua litoke, wale vijidudu vidogo wanaouma magharibi na alfajiri ndo wanaoleta ugonjwa wa farasi wa Afrika, na wanazaana hasa mvua zikishanyesha. Dawa ya kuutibu haipo, muulize daktari wako kuhusu chanjo. Ukiona homa na uvimbe juu ya macho, piga simu hata iwe usiku wa manane.

SWALI: Mwalimu, tandiko langu limeota ukungu na linambana mgongoni, ninunue jingine?

JIBU: Bado. Futa ukungu kwa kitambaa chenye unyevu na sabuni ya ngozi, likauke kivulini penye upepo, juani litapasuka. Kuhusu kubana, farasi wako kabadilika umbo kwa kukaa, na akianza kazi atabadilika tena. Kwa sasa mtembeze kwa mkono, usimpande na tandiko linalomuumiza hata siku moja. Mwite fundi apime tena baada ya wiki 6.