Kuhusu kuchagua mti mrefu kuliko yote

Umeuliza kwa nini, tunapochagua miti ya kutoa mbegu, tuhangaike na wastani wa familia (yaani miti yote iliyotokana na mbegu za mti mama mmoja) wakati mti mrefu kuliko yote unaonekana kwa macho. Shida ni kwamba macho hayaoni udongo. Mti unaweza kukua sana kwa sababu tu ulipandwa penye rutuba, au mti wa jirani ulikufa mapema. Lakini watoto wa mama mmoja wakitawanywa kwenye marudio mengi ya jaribio (vipande vya shamba ambavyo kila kimoja kina familia zilezile), bahati hizo hufutana, na wastani wao huonyesha nasaba zaidi. Uzito wa mbao kwa ujazo wake hurithiwa kwa nguvu zaidi kuliko ukuaji, hapo hata mti mmoja unasema kitu kuhusu nasaba yake.

Mimi huanza na familia, kisha miti bora ndani yake. Ila usibakize familia mbili tatu tu: ndugu watachavushana na miche itadhoofika.